Korongo Halina Ofisi: kisa cha kikundi cha wakulima mkoani Dodoma waliotafuta msaada wa serikali

Kisa hiki kimetokea katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma, kati ya Juni 2023 na katikati ya 2025. Majina ya kijiji, ya halmashauri na ya watu nimeyaondoa. Mimi mwenyewe nimo ndani ya kisa: nilisomea kilimo ngazi ya stashahada, nilikuwa nyumbani sina ajira, na mama yangu mdogo ni mwanakikundi. Msomaji asitegemee kwamba sina upande.

## Mazingira

Kijiji kiko kwenye mteremko wa udongo mwekundu wenye kichanga. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na Februari huwa inakatika wiki mbili tatu mtama ukiwa umefika kiunoni. Ikinyesha, inanyesha yote kwa mkupuo. Watu wanalima mtama, uwele, alizeti, karanga, na kila kaya ina kipande chake cha mahindi ambacho bibi shamba wa kata amechoka kukipigia kelele.

Kikundi kilikuwa na watu 14, wanawake 9 na wanaume 5. Kilianza kama kikundi cha kuweka na kukopa, cha sanduku na kufuli tatu. Kilichowageuza kuwa kikundi cha kilimo ni korongo. Lilianza kama njia ya ng'ombe ya kwenda lamboni, na miaka michache nyuma mtoto wa darasa la kwanza aliweza kuliruka. Nilipolipima Juni 2023 kwa kamba ya kufungia ng'ombe lilikuwa na kina cha mita tatu, na kichwa chake kilikuwa ndani ya shamba la mzee nitakayemwita Mzee L., hatua kumi na moja kutoka kwenye kihenge chake.

## Barua ya kwanza

Redioni walikuwa wanasikia kila siku kwamba serikali imeongeza fedha za kilimo. Katibu akaandika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri: "Yah: Ombi la msaada wa kilimo." Ukurasa mmoja ulikuwa na trekta, mbegu, mbolea, mkopo na kuzibwa kwa korongo. Katibu na mama mdogo wakapanda basi, wakaikabidhi masjala, wakarudi.

Wiki saba zikapita kimya. Waliporudi kuulizia, kijana wa masjala aliwapokea kwa heshima zote. "Shikamoo mama. Barua yenu haina 'kupitia kwa'." Maana yake haikupita kwa mtendaji wa kijiji wala wa kata, kwa hiyo hakuna aliyethibitisha kwamba kikundi kipo. Halafu akasema jambo ambalo mama mdogo alinisimulia mara tatu jioni ile: "Na hata ingekuwa nayo, mama, ningeipeleka meza gani? Humu mna mambo matano."

Kijana yule hakuwa na nia mbaya, na kwa maoni yangu ndiye aliyetufundisha somo kubwa kuliko wote, bure, akiwa amesimama mlangoni.

## Kishoka

Septemba alifika mtu na pikipiki na faili la plastiki. Alisema ana fomu za mradi wa serikali wa pembejeo, shilingi 10,000 kila mtu, na nafasi zinaisha Ijumaa. Walilipa wote 14. Fomu zilikuwa nakala za fotokopi zenye nembo iliyofifia, na namba ya simu iliyoandikwa chini haikupatikana tena. Waliona aibu, hawakwenda polisi. Mimi nilikuwepo kijijini siku ile. Nilidhani ni ada ya kitu nisichokijua, nikanyamaza. Laiti ningeuliza swali moja tu, stakabadhi ya serikali iko wapi, zile 140,000 zingebaki sandukuni.

## Karatasi ya manila

Oktoba tulikaa chini ya mkwaju, nikachora jedwali kwenye karatasi ya manila. Safu nne: linatusumbua nini, ni kazi ya nani, anataka karatasi gani, mwezi gani. Safu ya kwanza waliijaza wenyewe kwa robo saa. Zile tatu zilinichukua siku nne za kukaa kwenye mabenchi: ofisi ya kata, idara ya kilimo, maendeleo ya jamii, misitu, na dawati la mipango. Kote niliuliza swali moja: tatizo hili, hapa halmashauri, ni kazi ya nani? Sikuuliza "kuna programu gani". Ukiuliza programu utatajiwa ile iliyoko kwenye habari wiki hiyo. Ukiuliza tatizo utaonyeshwa mlango.

Safu ya nne ndiyo iliyonishangaza. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na bajeti ya halmashauri huwa imeshapikwa miezi kabla ya hapo. Mahitaji ya kijiji yanatakiwa yatoke kwenye vikao vya kijiji, yapite kata, yafike wilayani mwishoni mwa mwaka au Januari hivi. Barua yetu ya Juni ilifika sufuria likiwa limeshakwanguliwa.

Trekta tuliifuta siku ileile. Hakuna meza iliyokuwa nayo, na mashamba yenyewe ni ya ekari mbili mbili yaliyotawanyika. Kisima cha umwagiliaji, alichokitaka kijana mmoja asiye mwanakikundi, nacho tulikiweka pembeni kwa sababu ya gharama. Yule kijana alikuwa pia ameomba kuingia kwenye mradi wa serikali wa BBT (Building a Better Tomorrow), ule wa mashamba makubwa ya vijana yaliyoanzia Chinangali, akiomba mwenyewe mtandaoni. Hakuchaguliwa. Hatukumkatisha tamaa, ila ule ni mlango wa mtu mmoja mmoja na sisi tulikuwa kumi na wanne.

## Daftari la wakulima

Tulianza na usajili kwa sababu ni bure na hauhitaji kikao cha mtu yeyote. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 inampata mkulima aliyesajiliwa kijijini tu: jina, ukubwa wa shamba, mazao, namba ya simu. Kisha anapata namba yake kwa ujumbe mfupi, na namba hiyo ndiyo anayokwenda nayo kwa wakala.

Sita kati ya 14 walikuwa wamesajiliwa mwaka uliotangulia na wakaapa hawakupata namba yoyote. Mama mdogo alikuwa mmojawapo. Tukafuatilia: simu aliyoandikisha ni ya mwanawe aliyeko Morogoro. Nikampigia. "Kaka, ilikuja meseji ya mbolea?" Akacheka. "Ilikuja, nikaifuta. Nilidhani ni wale wa tuma kwa namba hii." Wengine wawili majina yao ya daftarini hayakufanana na ya kitambulisho cha taifa, herufi moja hapa, jina la babu pale. Mtendaji wa kijiji alirekebisha yote kwa siku mbili. Ni kazi ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumwomba aifanye.

Lakini faida yake mwaka ule ilikuwa finyu. Wakala wa karibu yuko kilomita 38, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi na mfuko ilikula sehemu nzuri ya ruzuku. Isitoshe, mtama wetu watu hawauwekei mbolea ya dukani. Watano tu walinunua, kwa ajili ya mahindi, baada ya kumwomba wakala alete mzigo siku ya mnada. Faida ilikuja baadaye, mbegu za mahindi zilipoingizwa nazo kwenye ruzuku kwa daftari lilelile. Mbegu ya mtama aina ya Macia tuliipata kwa njia nyingine kabisa: bibi shamba alituunganisha na watu wa kituo cha utafiti cha Hombolo, tukanunua kilo chache kwa bei ya kawaida. Hakukuwa na programu hapo, ni mtu aliyemjua mtu.

## Neno "hifadhi"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kisa kilitaka kuvunjika.

Korongo halina ofisi. Idara ya kilimo walisema ni mmomonyoko, lakini fedha ya vibarua hawana. Mazingira walisema hivyohivyo. Aliyekuwa na uwezo wa kulipa watu wachimbe ni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kupitia ajira za muda kwa kaya maskini zilizoandikishwa kama walengwa. Ila mradi wa ajira za muda hauombwi na kikundi. Unaibuliwa na jamii kijijini, na muhtasari wake unapanda juu. Kikundi kilitakiwa kwenda kuomba kura kama watu wengine.

Mkutano mkuu wa kijiji, ule unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, uliitishwa Novemba 2023. Mtendaji aliniomba nimsaidie kuandika ajenda. Nikaandika: "Mradi wa hifadhi ya ardhi na udhibiti wa korongo." Nilijiona msomi.

Mtendaji hakumaliza kuisoma ajenda. Mzee mmoja, mfugaji, alisimama na fimbo yake. "HADO nayo ilianza hivihivi, na matuta. Mnajua ilivyoisha?" Kijana aliyekaa karibu yangu hakujua. Wazee wote walijua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, ukajenga matuta na kupanda miti, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyomomonyoka sana ya Kondoa. Milima ile ilipata majani tena, hilo halina ubishi. Lakini kwa mfugaji, neno hifadhi maana yake ni ng'ombe wangu wanakwenda wapi. Mkutano ukachafuka. Waliosalia walipigia kura mradi wa kuchimba upya lambo la mifugo. Korongo likapata mikono tisa, na wanakikundi tulikuwa 14. Hesabu hiyo sijaisahau.

Usiku ule mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, wewe umeongea na wilaya, hukuongea na wenye ng'ombe." Wiki mbili baadaye tulikwenda nyumbani kwa yule mzee, mimi, mama mdogo na Mzee L. Hatukupeleka karatasi. Tuliongelea lambo. Lambo la zamani liko kiangazi chote limejaa mchanga, unaweza kucheza mpira katikati. Mzee L. akauliza, mchanga ule umetoka wapi? Wakatembea wote wawili kutoka lamboni kupanda juu kufuata mkondo, mpaka wakasimama kwenye kichwa cha korongo. Wakati wa kurudi yule mfugaji alitaja bwawa la Ikowa, kule Chamwino, lililojengwa miaka ya 1950 na kujaa tope wakati yeye angali kijana anachunga huko. Hakusema zaidi.

Mkutano uliofuata yeye ndiye aliyesema: lambo lichimbwe, lakini kwanza juu yake yachimbwe makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kukata mkondo mteremkoni, la sivyo tunachimba kaburi la mchanga. Muhtasari ukaandikwa hivyo: lambo, pamoja na makinga maji kwenye mteremko wake. Neno hifadhi halimo. Na kwa sababu ulipita Januari 2024, uliwahi.

## Kazi yenyewe

Kazi ilifanyika kiangazi cha 2024. Kontua, yaani mistari ya usawa mmoja kwenye mteremko, tulizipima kwa fito tatu zilizofungwa umbo la A, kamba na jiwe. Jiwe likitulia kwenye alama ya kati, miguu miwili iko usawa mmoja. Unachomeka kijiti, unaugeuza mguu wa nyuma mbele, unaendelea. Akina mama walijifunza kwa nusu saa na wakawa wepesi kuliko mimi. Kwenye mashamba ya wanakikundi, nje ya mradi, tuliongeza mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hapahapa Dodoma: kina cha sentimita 30, upana 22 hivi, sentimita 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mistari. Samadi kiganja au viwili ndani, kisha mbegu. Hayo hayahitaji ofisi, yanahitaji mgongo.

Kosa: kinga maji la tatu nilililaza juu ya njia ya ng'ombe bila kuacha kivuko. Wachungaji hawakulalamika popote. Walilikata tu. Mvua kubwa ya kwanza ikapita palepale.

Miche ilikuja kwa urahisi uliotushangaza. Kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka, kwa hiyo afisa misitu alikuwa anatafuta watu wa kupanda kama sisi tulivyokuwa tunatafuta miche. Tulipata 600. Tatizo ni usafiri: gari lilipatikana katikati ya Februari, mvua ikakatika wiki hiyohiyo. Kufikia Agosti nilihesabu 170 hai. Mbuzi na mchwa waligawana iliyobaki. Wakati huohuo visiki tulivyovipogolea mashambani, tukaacha machipukizi mawili matatu na kuyafunga kitambaa ili mchungaji asikate, vilikuwa vimepita kimo cha mtu. Kisiki hai kina mizizi tayari. Kama ningeanza upya, nisingeomba mche hata mmoja mwaka wa kwanza.

## Mkopo uliogawa kikundi

Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Tulipoulizia Oktoba 2023 mikopo ilikuwa imesimamishwa nchi nzima tangu Aprili mwaka huo. Afisa maendeleo ya jamii alitushauri tutumie muda huo kutengeneza katiba, kufungua akaunti ya benki na kusajili kikundi. Ushauri mzuri, na tuliufuata nusu.

Nusu, kwa sababu tulisajili kikundi kama kilivyo. Mikopo iliporudi 2024 tukaambiwa kikundi mchanganyiko hakiingii popote. Wanaume wetu watano walikuwa wamepita umri wa vijana, si wanawake, na hakuna mwenye ulemavu. Njia pekee ilikuwa wanawake tisa wajisajili peke yao. Kikao cha kuamua hilo kilianza saa tisa alasiri na kuisha gizani. Mzee L. alisema hana kinyongo. Mwenzake mmoja alisema, "Kuchimba tumechimba wote, benki mnakwenda tisa," akachukua kiti chake, akaondoka.

Wanawake waliomba milioni 9, wakapewa 6. Walipanga kununua jozi mbili za ng'ombe na majembe ya kukokota, wakodishwe wakati wa kulima. Fedha iliingia Machi 2025, mtama ukiwa unatoa masuke. Ng'ombe wakanunuliwa hivyohivyo na kukaa wakila, na marejesho ya kwanza yametoka kwenye alizeti ya mtu binafsi, si kwenye jembe.

## Uchambuzi

Kilichotubeba zaidi ni safu ya nne ya manila, ile ya miezi. Msaada haukuwa umefichwa. Ulikuwa umegawanyika kwenye meza sita zenye kalenda tofauti, na hakuna mtumishi ambaye kazi yake ni kuzijumlisha. Mkulima anakwenda mjini akiwa na njaa ya msimu wake, Oktoba au Novemba, na kwa bahati huo ndio wakati sahihi wa kupeleka mipango. Sisi tulikwenda Juni kwa sababu Juni mtu ana hela ya nauli.

Cha pili ni karatasi ya chini kabisa. Muhtasari wa mkutano, wenye mahudhurio na mhuri, ulifungua milango ambayo barua nzuri ya Kiswahili sanifu haikuifungua. Niliwahi kudharau mihtasari. Siku hizi huwa nauliza kwanza, mmeukalia kikao?

Upande wa makosa, la kishoka ni letu, na dawa yake ni ndogo: mtu akileta fomu, peleka kwa mtendaji kabla ya kutoa shilingi. La neno hifadhi ni langu peke yangu. Nilichukua lugha ya ofisini nikaiweka mbele ya watu wenye kumbukumbu yao, na kumbukumbu hiyo haikuwa ujinga. Yule mzee alikuwa anauliza swali halali, na jibu lake lilikuwa lambo.

La kikundi sina hakika nalo. Kwa hesabu, wanawake tisa wana ng'ombe wanne wa kukokota ambao wasingekuwa nao. Kwa upande mwingine, wanaume wawili wamejitoa, na mmoja wao ndiye aliyekuwa fundi wetu wa ile fremu ya A. Tungesoma masharti kabla ya kusajili, tungeanza na vikundi viwili tangu mwanzo na sanduku moja la kuweka na kukopa, na pengine asingechukua kiti chake.

## Hali ilivyo sasa

Baada ya mvua za 2025 lambo lilishika maji hadi Julai. Kinga maji la tatu limejengwa upya, na sasa lina kivuko cha mawe ambacho wachungaji walikichagua wenyewe pa kukiweka. Kwenye kichwa cha korongo nilikuwa nimechomeka vigingi vitatu, hatua moja moja kuelekea kwenye kihenge. Cha kwanza kimeangukia ndani. Viwili vimesimama. Mzee L. amekwenda kuvitazama, akatikisa kile cha pili kwa mkono, akasema kiko imara, halafu wiki iliyofuata akahamishia kihenge upande wa pili wa nyumba.